Wavukaji wa Mkwajuni

Mwenyekiti Sufiani Stambuli alikuwa na ugonjwa mmoja ambao hakuna daktari Morogoro nzima aliyeuwezea: alipenda wageni wenye kofia ngumu. Akitokea mtu na kofia ya plastiki na kamba ya kupimia, Sufiani aliacha chai yake ipoe, akavaa koti la kijivu hata kama jua linalainisha lami, akatoka mbio kumpokea kana kwamba amekuja kuposa binti yake. Wakipima mitaro, yupo. Wakipiga picha nguzo za umeme, yupo, na kwenye picha yenyewe yupo pia, kifua mbele.

Basi ilipotangazwa kwamba barabara kuu ya kwenda Dodoma itapanuliwa iwe ya njia nne, mbili za kwenda na mbili za kurudi, hakuna aliyefurahi kumshinda yeye. Barabara hiyo, ukishaiacha Kihonda nyuma, inaukata mtaa wake wa Mkwajuni vipande viwili. Mkwajuni Juu kuna nyumba nyingi, shule na ofisi ya mwenyekiti, ambayo ni chumba kimoja chenye bendera. Mkwajuni Chini kuna bomba la maji, soko, msikiti na makaburi. Kwa hiyo watu wa pale huvuka barabara tangu alfajiri mpaka giza liingie, na hakuna aliyewahi kufikiri kwamba hiyo ni habari ya kusimulia. Ukihitaji chumvi unavuka. Ukihitaji umbea mpya unavuka pia.

Na aliyevuka kuwashinda wote ni Zuleha, mke wa mwenyekiti. Kwao ni Chini. Waluguru ardhi yao hupitia upande wa mama, kwa hiyo Zuleha alikuwa na kiwanja chake, na nyumba ya mama yake ilikuwa pale ikimsubiri, na banda lake la supu lilikuwa hapo hapo kando ya lami, madereva wa malori wakiegesha foleni. Sufiani naye alikuwa mtu wa Juu, na hakutaka kuhamia ukweni. Walipooana walikubaliana hivi: watalala Juu, Zuleha atafanya kazi Chini. Asubuhi anashuka, mchana anapanda na hotipoti ya mumewe, anashuka tena, jioni anapanda kulala.

"Lakini siku nitakayoshindwa kuvuka," alimwambia Sufiani kabla ya ndoa, "nabaki kwetu."

Sufiani alicheka sana siku ile. Nani atashindwa kuvuka barabara?

Mkutano wa kwanza wa barabara ulifanyika uwanja wa shule. Mhandisi aliyekuja anaitwa Thobias, kijana mrefu mwenye sauti ya chini, mzaliwa wa Tabora, amefuatana na ramani ndefu kama kanga ya doti nzima. Akaeleza kwa utaratibu. Barabara itakuwa na ukuta wa zege katikati, magari yasigongane uso kwa uso. Ukuta huo hauna mlango. Palipo na wavukaji wengi patachimbwa handaki la waenda kwa miguu, wapite chini ya lami kwa raha zao. Pasipo na wavukaji, ukuta utapita moja kwa moja. Ili kujua wapi ni wapi, watakuja vijana kuhesabu. Akaongeza kwamba ajali nyingi zinasababishwa na watu kukatiza hovyo.

Maneno hayo yote yalisemwa wazi, na watu waliyasikia. Mwenyekiti peke yake ndiye aliyesikia nusu, kwa sababu wakati wa habari ya handaki alikuwa nyuma ya darasa akigombana na mtu kuhusu soda za wageni kutokuwa za baridi. Aliporudi na kreti mkononi alikuta mhandisi anasema "kukatiza hovyo", akatikisa kichwa kwa masikitiko makubwa, na hilo ndilo likamkaa moyoni.

Kabla mkutano haujafungwa, akanyoosha mkono Bi Mosi. Huyu alikuwa ajuza wa ukoo wa Zuleha, mdogo wake bibi yake mzaa mama. Aliolewa Juu zamani, mume akatangulia, naye akabaki huko huko akiota jua na kutukana watu anaowapenda.

"Mwanangu injinia, kwenu wapi?"

"Shikamoo bibi. Kwetu Tabora. Mimi Mnyamwezi."

Uwanja mzima ukalipuka. Mnyamwezi na Mluguru ni watani tangu enzi za mababu waliopita hapa na mizigo vichwani. Mtani humtukani akakasirika, na kwenye msiba wako ana kazi ambayo ndugu wa damu hawezi kuifanya.

"Marahaba, mbeba mizigo," Bi Mosi akasema, macho yanamcheka. "Sasa niambie. Mimi nakaa Juu, lakini mama yangu na dada zangu wamelala makaburi ya Chini. Siku nikifa, na ukuta wako upo, mtanipitisha wapi?"

"Bibi, kama hapa hakuna handaki, itabidi mzungukie Kihonda, kwenye kivuko cha kule."

"Kihonda!" Bi Mosi akatema mate pembeni. "Sijawahi kuipenda Kihonda nikiwa hai, niende nikiwa maiti?"

Watu wakacheka mpaka mkutano ukajifunga wenyewe. Thobias naye alicheka, akampigia goti yule bibi kabla ya kupanda gari.

Wiki zikapita. Siku moja mwenyekiti akapigiwa simu kutoka kata kwamba kesho yake wanakuja vijana wa kuhesabu. Zuleha hakuwepo. Alikuwa Gairo kununua mbuzi wa supu, na hilo ndilo lililoharibu kila kitu, maana angekuwepo angemvua mumewe lile koti na kumkalisha chini. Sufiani alichukua kipaza sauti cha mkono akazunguka mtaa mzima, Juu na Chini.

"Ndugu wananchi! Kesho tuna wageni wa serikali. Fagieni. Mbuzi wafungwe. Watoto wa Juu wakae Juu, wa Chini wakae Chini. Maji choteni leo. Sitaki kuona mtu anakatiza barabara hovyo, tukaonekana watu tusio na ustaarabu!"

Bi Mosi alimsimamisha kibarazani kwake. "Sasa hao vijana watahesabu nini, vumbi?"

"Bibi, hayo ni mambo ya kitaalamu. Watahesabu magari."

"Mnyamwezi wangu alisema watahesabu watu."

"Bibi yangu, wageni!" Sufiani akalia kwa uchungu, na kwa Mkwajuni neno hilo humaliza kesi. Mgeni akija, watu wa pale hujipanga. Wengine walikumbuka vizuri maneno ya mhandisi, lakini nani atakuwa wa kwanza kuutia mtaa aibu? Wakafagia. Wakachota maji. Wakafunga mbuzi.

Kesho yake wakaja vijana wawili, Furaha na Alois, wakakaa chini ya mwavuli kando ya lami. Mkwajuni haijawahi kutulia namna ile. Juu watu walikaa vibarazani wamevaa nguo za sikukuu, wanapunga mikono. Chini vivyo hivyo. Katikati malori yanapita na upepo wake. Furaha alijaribu kuwauliza kama kuna msiba. Kuku mmoja alijaribu kuvuka, akarudishwa.

Sufiani aliona fahari ambayo hajawahi kuiona. Na kwa kuwa wageni hawawezi kushinda njaa, akavuka kwenda bandani kwa mkewe, akamwambia msaidizi ajaze supu kwenye hotipoti, akavuka kurudi nayo. Akavuka tena kufuata chapati. Akavuka kurudisha vyombo. Akavuka kufuata maji ya kunawa, kisha pilipili, kisha vijiti vya meno.

"Mnaona wenyewe," aliwaambia wale vijana wakiagana. "Hapa kwangu hakuna kuzurura."

"Tumeona, mwenyekiti," Alois akasema, akipiga mwayo.

Mkutano wa pili ulikuwa wa kuonyesha ramani kabla haijapelekwa Dodoma kuidhinishwa. Zuleha alisharudi kutoka Gairo na habari za siku ile alikuwa amezipata vipande vipande, kila mtu akimpa kipande na kukimbia. Alikaa mstari wa mbele amefumbata mikono. Thobias akatandaza ramani, akaonyesha handaki la huku na daraja la kule. Akafika Mkwajuni. Mstari ulipita umenyooka.

"Hapa ukuta unapita moja kwa moja," akasema. "Samahani, lakini hesabu haikutupa sababu ya kuchimba. Kwa siku nzima tulipata mvukaji mmoja." Akainamia karatasi yake. "Mwanamume. Koti la kijivu. Amebeba hotipoti."

Kisha vichwa vikaanza kugeuka, kimoja kimoja, kumtazama mwenyekiti, ambaye hata siku hiyo alikuwa amevaa lile koti. Akatamani ardhi ipasuke. Bi Mosi ndiye aliyeanza kucheka, kicheko chembamba cha mzee, na wengine wakamfuata huku wengine wakishika vichwa. Zuleha hakucheka. Alinyanyuka, akakung'uta kanga yake, akaondoka.

Sufiani alimkuta nyumbani anafunga sufuria kwenye shuka. Kinu kilikuwa tayari mlangoni.

"Mama Shadia, usikasirike. Nitalisawazisha."

"Sijakasirika, baba Shadia." Na ni kweli hakuwa amekasirika, jambo lililomtisha Sufiani zaidi. "Najipanga tu. Wakijenga ukuta, mimi nitafikaje kazini? Nipande bodaboda mpaka Kihonda nizunguke, kila siku mara mbili, na supu mapajani? Mama yangu mzee yuko kule. Riziki yangu iko kule. Nilikwambia tangu mwanzo."

"Lakini ukuta haujajengwa!"

"Ndiyo maana nahama sasa, wakati bado kinu kinaweza kuvushwa."

Akakodi bajaji, kinu kikapakiwa, akashuka. Sufiani akabaki amesimama uani na kuku. Zamani alikuwa akisema hadharani kwamba mwanamume hatishwi na mwanamke. Jioni ile, mbele ya jiko lisilo na moto, aliogopa, na sitawaficheni, alilia kidogo pia. Wale kuku walimwona.

Asubuhi akaenda mjini, ofisi za mradi, koti mkononi kwa mara ya kwanza. Thobias alimsikiliza mpaka mwisho, mkono mdomoni kuzuia kicheko.

"Mzee wangu, siwezi kuchora handaki kwa sababu mke wako amehama. Nahitaji kuona watu wanavuka. Ijumaa nitapita Mkwajuni kukagua karavati la kupitishia maji ya mvua. Macho ninayo."

Mtu mwenye akili timamu angeishia hapo. Angerudi, akanyamaza, akaacha watu waende sokoni kama kawaida, na Ijumaa Thobias angeona vya kutosha. Lakini Sufiani alikuwa mwenyekiti. Alirudi akachukua kipaza sauti.

"Ndugu wananchi! Ijumaa kila mtu avuke! Ukishavuka, rudi! Ukisharudi, vuka!"

Ijumaa ikawa gwaride. Vijana wa Juu walishuka wanaimba, wa Chini walipanda wanaimba, wakapishana katikati. Josephina wa genge alivuka na beseni la nyanya, akabadilisha kilemba, akavuka tena na zile zile nyanya. Wanaume walivuka wamebeba jembe ilhali si msimu wa kulima. Na Sufiani, kuhakikisha hata mifugo inahesabiwa, alimtoa mbuzi wake mwekundu mwenye pembe moja akamkabidhi kwa kila aliyekuwa mikono mitupu. Mbuzi yule alivuka na mwalimu, akarudi na fundi cherehani, akavuka na mpiga picha, na kila safari akilia kwa sauti ya kukata tamaa.

Zuleha aliyaona yote akiwa mlangoni mwa banda lake. Aliendelea kukata vitunguu.

Mtu mmoja alikataa kushiriki. Sufiani alikwenda kumwomba Bi Mosi kibarazani, hata kumbeba alikuwa tayari.

"Niache," Bi Mosi akasema. "Huo ni mchezo wa watoto. Mimi nitavuka siku yangu ikifika."

Thobias alisimama kando ya karavati kwa muda mrefu. Mwishowe akamwita mwenyekiti.

"Mzee Sufiani, yule mbuzi ana shughuli nyingi sana."

Sufiani akamgeukia mbuzi, aliyekuwa anavuka tena na mtu mwingine.

"Sasa hata waliovuka kweli leo sitaweza kuwaandika," Thobias akaendelea kwa upole, na upole wenyewe ulichoma. "Nikisema niliona umati, wataniuliza ulikuwa umati gani, niseme nini? Wiki ijayo ramani inaondoka."

Akapanda gari. Mkwajuni yote ikatawanyika kimya kimya, kila mtu upande alioishia, na Josephina akajikuta nyanya zimepondeka kwa safari.

Jumapili alfajiri Bi Mosi akafariki, usingizini, bila kuumwa, bila kumsumbua mtu. Alikuwa ameishi miaka mingi mpaka wenzake wa rika wakaisha, na watu walilia kilio kile chenye tabasamu ndani yake, kila mmoja akikumbuka tusi alilotukanwa. Habari ziliposhuka Chini, Zuleha alivuka na mikeka kichwani kabla hata jua halijagusa vilele vya Uluguru. Alimkuta mumewe mlangoni kwa marehemu, hajui aanzie wapi.

"Umeshampigia mtani?"

"Mtani gani?"

"Mnyamwezi wake. Alimwita mtani mbele ya watu, lazima aambiwe." Akamtazama usoni, mara ya kwanza tangu ahame. "Mpigie. Na usimtajie barabara hata kidogo, baba Shadia. Ukimtajia barabara leo, utakuwa umemuuza bibi yangu."

Sufiani akaenda pembeni ya mgomba, akapiga. Kila neno la barabara lilimjaa kinywani: handaki, ukuta, ramani, wiki ijayo, mke wangu. Ilikuwa kazi ngumu kuliko zote alizowahi kufanya katika uongozi wake.

"Injinia," akasema. "Mtani wako Bi Mosi ametutoka. Tunazika leo baada ya adhuhuri."

Kisha akakata simu kabla hajaharibu.

Thobias alikuja bila dereva, bila kofia ngumu. Alipofika aliegesha gari mbali, maana hapakuwa na pa kupita. Hakuna aliyetangaza chochote kwa kipaza sauti. Wanawake wa Chini walikuwa wakipanda na sufuria, ndoo za maji, mafungu ya kuni, magunia ya mchele. Wazee walikuwa wakitoka msikitini na jeneza tupu mabegani kulipeleka kwa marehemu. Watu wa Juu walishuka na majembe kwenda kuchimba kaburi. Wote walisimama kingo za lami, wakasubiri malori, wakakimbia na mizigo yao, kanga zikipepea. Msichana mmoja alidondosha ndoo katikati akaiacha hapo hapo. Thobias alitazama. Mikono alikuwa ameiweka nyuma.

Baada ya sala pale nyumbani kwa marehemu, jeneza likabebwa likashuka mpaka kando ya barabara, na hapo likakwama. Basi. Lori. Lori jingine. Wabebaji wakabadilishana mabega, wengine wakanong'ona dua. Ndipo Thobias alipotoka mbele, akaingia katikati ya lami, akainua mikono yote miwili. Lori likafunga breki, likapiga honi, likatulia. Basi la upande wa pili nalo likasimama. Njia ikawa nyeupe.

Wabebaji wakapiga hatua. Na Thobias, badala ya kupisha, akakaa chini katikati ya barabara, juu ya mstari mweupe, akakunja miguu kama aliyekaa mkekani kwake.

"Hapa hapiti mtu," akasema.

Wabebaji wakasita, mguu mmoja mbele.

"Mimi ndiye mwenye ramani. Kwenye ramani yangu, hapa nilipokaa mimi ni ukuta. Mzungusheni Kihonda!" Kisha akabana pua, akatoa sauti nyembamba, sauti ya Bi Mosi yenyewe, mpaka nywele zikawasimama watu: "Sijawahi kuipenda Kihonda nikiwa hai, niende nikiwa maiti?"

Kicheko kilipasuka mahali ambapo kilio kilikuwa kimejaa. Wanawake waliosindikiza mpaka kingo za barabara walishikana mabega, machozi yanatoka, na hakuna aliyejua tena ni machozi ya nini. Hata dereva wa lori, bila kuelewa, alikuwa akicheka kwenye usukani. Mtani alikuwa amefika kazini.

"Mbeba mizigo wewe!" Zuleha akapaza sauti kutoka kando. "Ondoka tumpitishe bibi yetu! Siku ukifa wewe na ukuta wako, tutakupitisha wapi?"

"Mtanirusha juu!"

"Sema unataka nini utuachie njia!"

Ndivyo desturi ilivyo, mtani hanyanyuki mikono mitupu. Thobias akajifanya kufikiri, akikuna kidevu, honi zikilia kushoto na kulia.

"Namtaka mbuzi," akasema. "Yule mwekundu mwenye pembe moja. Yule mwenye shughuli nyingi."

Sufiani, ambaye alikuwa chini ya jeneza bega la kulia, alihisi uso unamwaka moto. Kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka jeneza likayumba na mwenzake wa nyuma akamwonya asimwangushe bibi.

"Mchukue!" akapiga kelele. "Amechoka kuvuka, mchukue!"

"Achinjwe, waliokuja kuzika wale," Thobias akasema. Akanyanyuka, akakung'uta suruali. Lakini hakupisha pembeni. Alikuja mpaka kwenye jeneza, akampokea mzee mmoja, akaliweka begani mwake, bega kwa bega na mwenyekiti. Wakavuka. Katikati ya lami Sufiani alimwona akigeuka kutazama kushoto, kisha kulia, ile safu ya magari iliyosimama pande zote mbili. Cheko lilikuwa limemwisha usoni. Sufiani alikuwa na maneno mengi ya kumwambia hapo, mazuri mno, yamejipanga yenyewe. Akayameza yote.

Bi Mosi akalazwa Chini, kando ya mama yake na dada zake.

Jumatatu Thobias aliizuia ramani. Aliwaeleza wakubwa wake kwamba hesabu ya Mkwajuni ilichukuliwa siku isiyo ya kawaida, na kwamba yeye mwenyewe amevuka pale na mzigo begani. Wakakubali vijana warudi. Safari hii Sufiani hakutangaza kitu, na si kwa hiari yake: Zuleha alipanda alfajiri, akamfungia ndani kwa kufuli, akaweka funguo kwenye kibwebwe, akashuka zake kupika supu. Sufiani alishinda dirishani. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake aliitazama Mkwajuni ikivuka: watoto wa shule, ndoo, mikungu ya ndizi, mtu na baiskeli mbovu begani, wapenzi wawili waliojifanya hawajuani. Furaha na Alois hawakupata hata nafasi ya kupiga mwayo.

Mkutano wa tatu ukaonyesha ramani mpya. Mahali mstari ulipokuwa umenyooka, palikuwa na alama ndogo ya handaki, pana vya kutosha watu kupita na jeneza mabegani. Mikono ikanyooshwa, ramani ikapita bila kupingwa. Baada ya muda habari zikaja kutoka Dodoma kwamba mradi wote umeidhinishwa, handaki la Mkwajuni likiwemo. Watu wakampongeza mwenyekiti kwa mazoea. Akawaambia wampongeze Bi Mosi.

Lakini Zuleha alikuwa bado yuko Chini. Sufiani alikwenda bandani, akanywa supu, akazunguka zunguka na maneno kama paka na mboga ya moto.

"Sasa mama Shadia, si handaki limepita?"

"Limepita kwenye karatasi."

"Litajengwa."

"Haya. Likijengwa tutaona." Akampokonya bakuli, akamfuata dereva mwingine.

Sufiani alivuka kurudi kwake mnyonge kabisa. Hakuvaa koti tena siku zile. Jioni moja alikaa kibarazani kwake, kutoka pale unaona barabara, akitazama taa za kwanza za malori. Hakuwa na mpango wowote, wala kipaza sauti. Alikubali kwamba huenda atakula supu yake bandani maisha yake yote kama dereva wa kupita.

"Mwenyekiti!"

Sauti ilitoka ng'ambo. Zuleha alikuwa amesimama ukingo wa lami upande wa Chini, sufuria imefungwa kwenye shuka kichwani, mchi mkononi. Miguuni pake kulikuwa na kinu.

"Mwenyekiti, unakaa tu? Njoo ubebe kinu, mimi si bajaji!"

Alishuka mbio, kandambili moja ikabaki njiani. Akavuka, akakinyanyua kinu, kizito kuliko alivyokumbuka, akakiweka begani lile lile alilombebea Bi Mosi. Wakasimama ukingoni bega kwa bega kusubiri lori, basi, na lori jingine. Upepo wake ukapeperusha kanga ya Zuleha ikamfunika Sufiani uso, naye hakuiondoa haraka. Njia ilipotulia Zuleha akamshika kiwiko, wakavuka.

"Wawili," Sufiani akasema kwa sauti, ingawa hapakuwa na mtu yeyote wa kuandika.